Nilirudisha Mpira, na Sikula Yamini

Mwezi uliopita nilivua njumu. Sikuvuliwa, nilivua mwenyewe, nikazifunga kamba na kuzitundika kwenye msumari wa jikoni, mke wangu akauliza kama nafungua duka la mitumba. Goti la kulia limegoma. Limefanya kazi nyingi kuliko mimi mwenye goti, acha lipumzike.

Ninyi vijana mliobaki pale katikati ya uwanja mmeniomba niwaandikie machache kuhusu kazi yetu. Nasema kazi, na anayetaka kucheka acheke sasa amalize. Mambo ya nani alichukua vikombe na nani alilipwa vizuri muulizeni mwingine, mimi hayo hayanihusu. Lakini mmoja wenu, simtaji, alinisindikiza mpaka njia panda, akatazama kushoto na kulia, halafu akaniuliza kwa sauti ya chini: "Kaka Hamisi, ile mechi ya Kibaigwa, uliiuza kweli?" Mtu huyo mechi ile ilipochezwa alikuwa bado anapiga mpira wa makaratasi! Haya, kaeni. Jibu ni hapana, na silisemi kwa kunong'ona.

Mimi ni Mrangi wa Kondoa, lakini mpira wa kiatu nilianzia Gulwe, kwa baba yangu mdogo aliyekuwa fundi wa reli. Pale kulikuwa na timu ya wafanyakazi wa reli, na katikati alicheza mzee mmoja anaitwa Mlewa, mtu wa genge la kutengeneza njia, mfupi, miguu imepinda, sigara sikioni hadi refa apulize filimbi. Siku ya kwanza nilimwendea kwa adabu zangu zote.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Unacheza wapi?"

"Mbele."

"Mbele wapo wengi, wanasukumana. Kaa hapa katikati na mimi tufanye kazi."

Akachota vumbi, akalirusha juu. Wenyeji wa nyanda hizi mnaujua upepo wetu, ukianza kiangazi hauna adabu. Vumbi likaenda zake upande wa stesheni. Mlewa akaniambia nikipiga mpira juu, mpira huo ni wa upepo, nisiudai tena. Nikipiga chini ni wangu. Na nikikosa njia mbele, nigeuke, kwa sababu nyuma nako ni uwanja, kumechorwa chokaa kama kwingine. Hilo ndilo somo langu la kwanza, na kusema kweli sikupata lingine kubwa kuliko hilo.

Vifaa vyetu msiulize. Kinga ya ugoko ilikuwa boksi la sabuni lililokunjwa na kuingizwa kwenye soksi. Njumu zangu za kwanza alizishona fundi viatu wa pale pale, soli ya tairi la lori, meno yake vipande vya tairi hilo hilo vilivyopigiliwa misumari. Misumari ikichoka ilikuwa inaingia ndani badala ya kutoka nje, kwa hiyo kipindi cha pili nilikuwa nakimbia kwa kuchagua mahali pa kukanyaga. Uwanja umejaa mbigiri, mpira unatoboka kila mara, na kiungo ndiye aliyekaa na kiraka, solusheni na pampu ya baiskeli, maana Mlewa alisema mwenye kazi katikati ndiye mwenye mpira. Mvua zikisomba tuta la reli, timu nzima inavua jezi inashika makoleo, na mechi inasubiri garimoshi lipite kwanza.

Kutoka Gulwe nilichukuliwa na timu ya shirika moja la umma mjini Dodoma. Niliajiriwa kama karani wa stoo. Stoo yenyewe niliijua kwa nje, ilikuwa na mlango wa kijani. Pale nilianza kusikia maneno. Mashabiki wetu walikuwa watu wa maofisini, wenye mashati ya mikono mirefu, na kila nikirudisha mpira kwa beki walishika vichwa. Bwana mmoja aliyesoma nje alikuwa ananisubiri kwenye geti kila Jumatatu. "Bwana Hamisi, mpira wa kisasa ni kwenda 'forward'. Wewe mbona unaturudisha nyuma kimaendeleo?" Nilikuwa namwitikia vizuri, namuulizia watoto, na Jumamosi narudisha mpira vile vile.

Halafu likaja soko huria. Mashirika yakaanza kufungwa moja baada ya jingine, likafika letu, tukamwaga unga wote, karani wa stoo na mwenye stoo. Mechi yetu ya mwisho basi la timu lilikwisha chukuliwa. Viongozi wakasema basi, mechi haipo, wapewe wenzetu pointi. Ebo! Tulivaa jezi ofisini, tukatembea kwa miguu katikati ya mji na mpira mkononi, watu wakitoka madukani kutucheka. Tulitoka sare. Siku ile nilijua mimi sitaacha kazi hii kwa sababu tu mwenye timu amekata tamaa. Soko huria hilo hilo ndilo lililoniletea njumu halali za mitumba, moja namba nane, nyingine namba tisa, nikaivalisha ile kubwa soksi mbili, mambo yakaenda.

Ndipo nikafika Kibaigwa. Timu ilikuwa ya madalali wa mahindi, na mwenyekiti wake alikuwa Mzee Swalehe, dalali mwenye malori, Mrangi mwenzangu. Akifurahi anasema nami Kirangi, akikasirika anasema Kiswahili, kwa hiyo mazoezini nilijua hali ya hewa kabla sijasalimia. Uwanja ulikuwa ubavuni mwa soko. Malori yalikuwa yanaegeshwa nyuma ya goli, na watu wanapanda juu ya magunia kutazama mechi, jukwaa bora kuliko mengi niliyoyaona mjini. Pale ndipo madereva waliponibandika jina la Rivasi, kwa ajili ya kurudisha mpira. Nikasema sawa. Gari lisilo na rivasi nani analinunua?

Kipa wetu alikuwa Masima, kijana wa Kigogo, mpole, mabega kama mlango. Kazi yake siku za wiki ilikuwa kupakia mahindi, na alipakia malori ya Mzee Swalehe. Sasa nisikilizeni hapa. Makuli wa Kibaigwa wana neno lao moja. Aliyesimama juu ya lori akiwa tayari kupokea gunia anaita "Leta!" na aliye chini analisukuma juu bila kuinua macho, kwa sababu ukiinua macho gunia linakuvunja shingo. Masima alikuja golini na neno hilo hilo. Wengine huita "Rudisha!" au "Nipo!" Yeye, "Leta!" Nami nilijifunza kufanya kama makuli wanavyofanya: nikisikia leta, napeleka, sigeuzi shingo. Hiyo nusu sekunde unayoipoteza kwa kugeuka ndiyo adui anayoitaka.

Wakati huo huo dunia nzima ilikaa kikao ikabadilisha sheria ili kunikomoa mimi. Kipa akirudishiwa mpira kwa mguu marufuku kuudaka. Habari tulizipata redioni, na marefa wetu kila mmoja alizielewa kivyake. Wote wakasema Rivasi kwisha. Thubutu! Nilimchukua Masima pembeni kila baada ya mazoezi nikamfundisha kupiga kwa miguu yote miwili, yeye aliyeamini miguu iliumbwa kwa ajili ya kupanda ngazi za lori. Akajua. Tukaendelea na kazi.

Siku yenyewe ilikuwa mechi ya ligi na watu wa Kongwa, nyumbani kwetu. Kibaigwa na Kongwa ni wilaya moja, na ndiyo maana hawapendani. Mmoja wetu ndiye angepanda ligi ya mkoa. Kipindi cha pili, bila kwa bila, upepo unavuma kuelekea goli letu, vumbi tunakula. Mpira ukanifikia nikiwa nimelipa mgongo goli la Kongwa, winga wao yuko kisogoni kwangu, namsikia anavyopumua. Nikasikia: "Leta!"

Nikapeleka, macho chini.

Masima hakuwapo. Alikuwa ametoka pembeni kumfuata mshambuliaji aliyeachwa peke yake, jambo ambalo kipa yeyote mwenye akili angefanya. Mpira ukaenda polepole, jamani, polepole kabisa, upepo ukausukuma kidogo, ukaenda tena. Masima akageuka akaukimbilia, akaruka, akaambulia vumbi. Goli.

Nikainua macho. Nyuma ya goli kulikuwa na lori lililokuja kupakia wakati mechi inaendelea, mwenye mzigo hakuwa na habari na mpira. Juu yake alisimama mtu ameupa mgongo uwanja, amekumbatia gunia, akageuka kwa zile kelele na kuuliza, "Nani kafunga?"

Tulifungwa moja bila. Kabla sijafika kwenye mstari nilishasikia neno lenyewe: "Ameuza!" Likaenda lori hadi lori. "Rivasi ameuza! Amewauzia Kongwa!"

Jioni ile tukaitwa kwenye ghala la Mzee Swalehe, wachezaji wote na madalali wenye timu. Alisema Kiswahili. Juu ya magunia aliweka msahafu uliofungwa kitambaa cheupe.

"Masima," akasema, "wewe ulimwita Hamisi?"

"Sikumwita, mzee."

Kweli, hakuniita. Sikumlaumu kwa hilo. Nilisubiri aendelee, aseme kwamba neno lile ni lake, kwamba msimu mzima nampelekea mpira kwa neno lile bila kutazama, kwamba hata yeye angedanganyika. Masima alitazama sakafu. Mzee Swalehe ndiye aliyempa kazi, na mama yake alikula kwa kazi ile. Niliumia. Goli halikuniuma kama ule ukimya.

"Nani sasa alikuita?"

"Mpakiaji, juu ya lori."

Madalali wakaangua kicheko. Mmoja akauliza kama siku hizi nacheza na magunia.

Mzee Swalehe akanyamazisha watu. "Hamisi, mimi na wewe tumetoka mlima mmoja. Sitaki kukuonea. Shika msahafu, kula yamini kwamba hukuuza, na Jumapili unavaa jezi. Mambo yaishe."

"Siapi."

"Unasema?"

"Nasema siapi, mzee. Msahafu haukushushwa kwa ajili ya kona na faulo. Mnaosema nimeuza, mtajeni aliyenunua. Mkimpata, aape yeye."

Kocha wetu, Mwalimu Ndahani wa shule ya msingi, mtu mwema asiyependa ugomvi, akanisogelea. "Hamisi, neno moja tu. Kwani unapungukiwa nini?"

"Mwalimu, nikiapa leo kwa pasi, Jumapili nikikosa penalti nitaapa tena. Nyie mtanimalizia msahafu."

Wakasema basi, mwenye hatia anaogopa kiapo. Mzee Swalehe akanivua uchezaji pale pale mbele ya watu, nikatoka.

Nyumbani mke wangu Mwanaidi aliniuliza lile lile: si ungeapa tu? Nikamwambia nikiapa nitakuwa mtu aliyelazimishwa kuapa, na mtu huyo simtaki ndani ya nyumba hii. Akanitazama, akaniwekea ugali, akasema, "Haya, kula basi, jeuri inataka shibe." Mwanamke huyo Mungu amweke.

Msidhani ilikuwa rahisi. Mimi sikuwa na stoo tena ya kurudia, hata ya kuijua kwa nje. Mpira ndiyo kazi niliyobaki nayo, na habari ilikwisha niwahi kila mahali malori yanapokwenda. Niliwapelekea salamu wenzangu wa zamani wa Gulwe, wakajibu nijisafishe kwanza ndipo nije. Manyoni nako hivyo hivyo. Jina likishachafuka kuwa la muuzaji, hakuna timu inayokupa hata mpira wa kupasha misuli. Nilikuwa na njia mbili: niape nicheze, au nisiape nikalime. Nikachagua ya tatu.

Kesho yake nilikwenda mazoezini. Hakuna aliyeniita, hakuna aliyenifukuza. Wenzangu wakicheza, mimi nazunguka uwanja mbio. Wakipumzika, napiga pasi kwenye ukuta wa ghala, chini, mguu wa kulia, mguu wa kushoto. Mzee Swalehe akipita na pikapu yake namwamkia, "Shikamoo, mzee," naye anaitikia "Marahaba" huku anatazama mbele. Akatuma mtu kuchukua jezi yangu. Nikamwambia yule mtu, mwambie aje mwenyewe. Hakuja. Wiki zikapita hivyo, makuli wakaanza kunizomea kwa neno lao, nikipita tu sokoni wanaita "Leta! Leta!" nami nawapungia mkono. Piga ua, nilijisemea, siku moja mtanihitaji.

Siku hiyo ilikuwa ya marudiano, kule Kongwa. Matokeo mengine ya ligi yalikwenda vizuri kwetu, tukishinda tunapanda sisi. Kijana aliyechukua nafasi yangu akashikwa na malaria usiku wa kuamkia mechi, na mwingine wa kati hatukuwa naye. Asubuhi, watu wamekwisha panda lori, Mwalimu Ndahani akaja na kikosi chake kichwani, akakitaja, na katikati akanitaja mimi.

Mzee Swalehe alikuwa ndani ya pikapu. "Huyo akicheza, mimi sishuki kwenye gari."

"Basi mzee utatazama dirishani," akasema Mwalimu. Sijui alilitoa wapi lile neno, mtu mpole vile. Nadhani naye alikuwa amechoka.

Akanivuta pembeni. "Hamisi, sharti moja. Leo kurudisha mpira ni haramu."

"Mwalimu, umenipanga au hujanipanga?"

"Nimekupanga."

"Basi umenipanga mimi."

Kipindi cha kwanza upepo ulikuwa wetu, tukapata goli la kona, Mungu na vumbi wakisaidiana. Cha pili upepo ukatugeuka. Kongwa wakatuminya. Na kulikuwa na jambo jingine, baya zaidi: Masima alikuwa bubu. Tangu ile jioni ya ghala hakuwa anaita golini. Anaonyesha kwa mikono kama trafiki, mdomo umefungwa, anaogopa asije akaita akaitwa kwenye kikao. Mabeki wanagongana. Pikapu ya Mzee Swalehe imesimama kando ya mstari, kioo kimeshushwa, na yeye ndani, hakushuka kweli.

Dakika za mwisho mpira ukaniangukia karibu na boksi letu, nimeelekea golini kwetu, watu wawili wa Kongwa mgongoni. Mbele hakuna njia. Nikiupiga juu, upepo unawarudishia wao, na wao watatu wako wazi. Watu wetu waliokuja na malori wakapiga kelele: "Butua! Butua, muuzaji wewe! Mbele!" Mwalimu naye, "Mbele, Hamisi!"

Nikaukanyaga mpira. Nikasimama. Mmoja ananipiga mateke kisigino, mwingine ananivuta jezi. Nikamtazama Masima. Alikuwa golini kwake, katikati, mahali hasa kipa anapotakiwa kuwa. Na macho yake yako kwenye pikapu.

"Niite!" nikapiga kelele.

Akanitazama.

"Masima! Niite, bwana! Niite!"

Nilikuwa tayari kunyang'anywa ule mpira nimesimama pale. Nasema kweli, nilikuwa tayari. Kupanda ligi, kutopanda, sikujali tena. Nilitaka mtu mmoja aseme, mbele ya wale watu wote, kwamba mpira wangu huwa na pa kwenda.

"Leta!" Sauti ilitoka nyembamba, ikakwama. Halafu akaitoa tena, kwa kifua chote kile cha kubebea magunia, mpaka ng'ombe walioko ng'ambo ya uwanja wakainua vichwa. "Leta, kaka Hamisi! Leta, ni mimi! Ni mimi ninayeita!"

Nikarudisha.

Chini, taratibu, mguu wa kulia. Akauchukua kwa mguu wa kushoto, akaupiga pembeni kwa beki aliyekuwa peke yake, na wale wawili wa Kongwa wakabaki wananishika jezi bila sababu. Mara mbili tena kabla ya filimbi aliniita, na mara mbili nilimpelekea. Waliokuwa wanazomea hawakushangilia, msidhani. Walinyamaza tu. Tulishinda moja bila.

Mzee Swalehe akashuka kwenye pikapu yake. Akaja mpaka kwenye lori la wachezaji, kanzu imejaa vumbi, msahafu kwapani kwenye kile kitambaa cheupe. Wenzangu wakanipisha.

"Shikamoo, mzee," nikasema.

"Marahaba. Mmecheza." Akakohoa. "Lakini lile jambo letu liko pale pale. Sasa watu wametulia. Utaapa?"

"Ng'o."

Akausogeza msahafu kwapa la pili. Nami nikamtazama, jasho linaniingia machoni, sikulifuta. Dereva akadhani mazungumzo yamekwisha, akawasha injini, lori likatikisika.

Mzee Swalehe akaupiga mlango wa lori kwa kiganja.

"Wee! Zima gari," akasema. "Rivasi hajapanda."